Nani Anafundisha Sayansi Katika Vyuo Vyetu?



Mwaka 1966 Wangari Maathai alirudi Nairobi kutoka Marekani akiwa na shahada ya uzamili ya biolojia, pamoja na ahadi ya kazi ya usaidizi wa utafiti katika idara ya zoolojia ya chuo kikuu cha huko. Aliporipoti kazini akaambiwa nafasi ile imeshapewa mtu mwingine. Yeye mwenyewe aliamini alinyimwa kwa ajili ya jinsia yake na kabila lake. Aliyemwokoa ni Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani, aliyemchukua katika idara ya anatomia ya mifugo. Mwaka 1971 Maathai akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamivu.

Idara zetu za sayansi zimezoea jibu moja. Ukiuliza mbona wahadhiri wanawake ni wachache, au mbona majina mlangoni ni ya jamii moja, utaambiwa waliohitimu hawapo, tusubiri. Maathai alikuwa amehitimu. Alichokosa ni utaratibu wa haki, akapata wema wa mtu mmoja. Chuo kikuu hakiwezi kutegemea wema huo.

Tena kuajiriwa ni mwanzo tu. Alipokuwa mhadhiri, Maathai aligundua kuwa marupurupu wanayopewa wanaume hapewi mwanamke aliyeolewa, kwa hoja kwamba mumewe atamtunza. Yeye na mwanabiokemia Vertistine Mbaya walipigania usawa huo, hata wakajaribu kukigeuza chama cha wahadhiri kuwa chama cha wafanyakazi. Mahakama ilikataa, lakini mengi waliyodai yalitekelezwa baadaye. Fikirieni saa za maabara zilizopotea katika kudai marupurupu!

Msidhani utajiri wa chuo unaondoa tatizo hili. Katika chuo kikuu cha MIT, Marekani, mwanabiolojia Nancy Hopkins alihitaji nafasi zaidi ya matangi ya samaki wake wa utafiti. Akanyimwa. Basi akachukua futikamba, akapima maabara za jengo lao moja baada ya nyingine. Yeye alikuwa na futi za mraba 1,500, ilhali maprofesa wanaume wa ngazi yake walikuwa na 3,000 au zaidi. Mwaka 1994 shule nzima ya sayansi ilikuwa na wanawake 15 wenye ajira ya kudumu, na wanaume 194. Wanawake wale waliungana, wakamwendea mkuu wa shule, Robert Birgeneau, naye akaunda kamati. Ripoti ya kamati hiyo ilitolewa hadharani mwaka 1999.

Katika ripoti hiyo, jambo linalonikosesha usingizi ni hili: wahadhiri wanawake vijana waliona mambo ni shwari. Waliolalamika ni wale wa makamo, waliokuwa wamesukumwa pembeni kidogo kidogo kadiri walivyopanda vyeo. Nao walipokuwa vijana walidhani ubaguzi umekwisha. Kwa hiyo kuhesabu tulioajiri mwaka huu hakutoshi. Tuhesabu na waliobaki, na walichopewa cha kufanyia kazi.

Kuhusu kabila, Kenya tunayo sheria tangu mwaka 2008: taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Sheria iko wazi. Mkuu wa idara anayemwajiri mtu wa kwao kila nafasi inapotokea anaivunja, na vilevile anamnyang'anya mwanafunzi mwalimu bora ambaye hakupewa hata nafasi ya kusailiwa.

Naomba Seneti iamue kwamba kila idara ya sayansi ichapishe kila mwaka nani aliomba kazi, nani aliajiriwa, nani alipandishwa cheo na baada ya miaka mingapi, nani ana maabara ya ukubwa gani, na fedha za utafiti zilikwenda kwa nani. Idara yangu iko tayari kuwa ya kwanza.