Chipu Ndogo, Kisima Kirefu

Msikilizaji, uhaba wa chipu ukitajwa kwenye taarifa, wengi huwaza magari na simu. Mimi nawaza Banissa, katika Kaunti ya Mandera.

Huko, visima vingi virefu siku hizi huvutwa maji kwa pampu za sola. Kati ya paneli na pampu kuna kisanduku cha kudhibiti umeme, na ndani yake bodi yenye chipu ndogo kuliko ukucha. Ikiungua, jua litawaka mchana kutwa na maji yasitoke.

Mwaka 2022, wastani wa muda wa kusubiri chipu duniani ulipita wiki 25. Mwaka huohuo, kaskazini mwa Kenya mvua ilikosa msimu wa tano mfululizo. Mbuzi gani atavumilia kiu kwa wiki 25?

Tena foleni yenyewe haikuwa na usawa. Kampuni kubwa za magari zilisimamisha mitambo kwa kukosa chipu, seuze anayetafuta bodi moja ya kisima. Na zilizoadimika mno ni chipu za kizazi cha zamani, za bei nafuu, ambazo wenye viwanda hawakuwa na hamu ya kuziongeza.

Kiwanda cha chipu cha Nyeri, pale Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kinatia moyo, lakini bado ni kichanga. Kaunti ya Mandera inunue bodi za akiba kabla ya kiangazi, izihifadhi Banissa kwenyewe, si Nairobi, na visima vifungwe pampu za aina chache ili bodi moja ifae vingi.