Mtoto wa Kukabidhiwa: Wajibu wetu kwa familia walezi na kwa wazazi waliopotezana na watoto wao



Ndugu wapendwa, viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, makatekista, akina mama wa WAWATA, na ninyi nyote mlioacha kazi za shamba ili kufika hapa: Tume ya Haki na Amani imetuomba tuseme juu ya watoto waliotengana na wazazi wao, na juu ya nyumba zilizowapokea. Hapa kwetu Kigoma jambo hili si geni. Wazee waliomo humu wanaukumbuka mwaka 1972, na wengi wetu tunaukumbuka mwezi Oktoba 1993, Rais Ndadaye alipouawa na Warundi wakaanza kuvuka mpaka usiku na mchana. Mwishoni mwa Aprili 1994 ndugu zetu wa Ngara waliona watu wapatao 250,000 wakipita daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja. Mwaka 1996 ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu kwa ajili ya ndugu zetu wa Kongo. Na mwezi Mei 2015 maelfu kwa maelfu walikwama katika kijiji cha Kagunga, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kipindupindu kikiwashika, huku meli ya Liemba ikienda na kurudi kuwachukua.

Katika misafara ya namna hiyo mtoto hupotea kwa urahisi sana, wala si kwa uzembe wa mzazi. Mama ana mtoto mgongoni, wa pili amemshika mkono, wa tatu ameshika upindo wa kitenge chake. Risasi zikisikika gizani, yule wa tatu huachia kitenge. Asubuhi anajikuta akiwafuata watu asiowajua, kwa kuwa wao nao wanakwenda. Mwingine alitangulizwa na jirani. Mwingine mama yake alilazwa katika hema la wagonjwa, na alipopata nafuu lori lilikwisha ondoka na mtoto. Kwa hiyo tunapomwita mtoto wa namna hii yatima, mara nyingi tunamzika mzazi aliye hai.

Familia nyingi za huku zilifungua milango bila kungoja kuombwa. Jambo moja lilizisaidia: Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, na mtoto aliyefika akilia aliweza kuulizwa na kubembelezwa kwa maneno aliyoyaelewa. Lakini neema hiyo ina mtego ndani yake. Mtoto anayesema karibu sawa na wenyeji husahaulika upesi kuwa ametoka mahali. Baada ya miaka mitatu ni mtoto wa fulani. Baada ya miaka sita hata yeye mwenyewe hana habari nyingine.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu sisi mapadre. Katika kigango kimojawapo tulichokihudumia, mama mjane alimpokea binti wa miaka minne hivi. Alimlea kwa moyo wote, akamleta abatizwe. Katika kitabu cha ubatizo, mahali pa majina ya wazazi, liliandikwa jina la yule mjane na la marehemu mumewe. Mama alikuwa amesimulia kwamba mtoto hutaja kaka yake kwa jina la utani, hutaja daraja la miti na kanisa lenye kengele mbili. Hakuna aliyeyaandika hayo. Baada ya miaka tisa alifika mjomba wa binti huyo, akitafuta kutoka parokia hadi parokia. Tulifungua vitabu mbele yake, hatukuona kitu, tukamwombea safari njema. Baada ya miezi kadhaa, kwa mazungumzo ya akina mama sokoni, ilijulikana kwamba mtoto aliyemtafuta alikuwa akisali kila Jumapili katika kigango hicho hicho.

Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanuni ya 877, zinaagiza majina ya wazazi yaandikwe katika kitabu cha ubatizo. Kalamu yetu ilimfuta mama wa mtoto yule, ilhali tulidhani tunamheshimu mlezi.

Tazameni Maandiko Matakatifu. Katika sura ya pili ya Kitabu cha Kutoka, binti Farao anamtoa Musa majini na kumfanya mwanawe. Lakini dada yake Musa alikuwa amesimama kwa mbali akiangalia, na kwa werevu wake mama mzazi aliitwa kumnyonyesha mtoto, tena kwa ujira. Musa akakua akiwa na mlezi, lakini hakuwasahau ndugu zake. Sisi tunamhitaji sana yule dada. Parokia iwe na mtu wa kusimama kwa mbali akiangalia kikapu kinakwenda wapi.

Baada ya maafa ya 1994, watoto zaidi ya laki moja waliandikishwa katika nchi za Maziwa Makuu kuwa wametengana na jamaa zao. Msalaba Mwekundu na mashirika mengine yaliandika habari zao, picha za watoto zilibandikwa makambini, na Idhaa ya BBC ilianzisha mwaka huo huo matangazo ya Gahuzamiryango, maana yake yenye kuunganisha familia. Watu walisikiliza majina redioni. Kazi hiyo ilifaulu pale tu mtu wa kwanza kumpokea mtoto alipokuwa ameuliza vema. Mtoto mdogo hajui wilaya. Anamjua bibi yake, anajua wimbo aliobembelezewa, kovu alilipataje, soko lilikuwa siku gani. Mambo hayo huja kidogo kidogo, jioni, akishiba. Ndiyo maana mlezi anaweza kuyapata kuliko ofisa mwenye fomu.

Vivyo hivyo anapotokea mtu kudai mtoto, asikabidhiwe kwa machozi yake tu. Aulizwe peke yake, mtoto naye aulizwe peke yake, na majibu yalinganishwe mbele ya afisa ustawi wa jamii. Wapo wenye kutafuta mikono ya kazi. Wapo pia, tuseme wazi, walezi wa namna hiyo: mtoto wa kupokea ndiye achotaye maji, ndiye alalaye jikoni, ndiye asiyepelekwa shule. Jumuiya inajua nyumba hizo na inanyamaza. Kunyamaza huko ni dhambi ya jumuiya nzima.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, na kwetu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, hutofautisha kulea na kuasili. Anayelea amekabidhiwa, anayeasili amefanywa mzazi kwa amri ya mahakama. Sheria hutumia maneno “malezi ya kambo”. Neno kambo lina uchungu masikioni mwa Mswahili, nasi tungependa kusema wazazi walezi. Lakini jina lolote litumike, mtoto aandikishwe serikalini.

Sasa, walezi wenyewe. Tumezoea kuwasifu siku ya kwanza. Mtoto anapopokelewa tunapiga makofi kanisani, jumuiya inaleta debe la mahindi, kisha tunamwachia mama mmoja mzigo wa miaka kumi. Msaada ukija, nao huja vibaya: sare ya mtoto wa kupokea pekee, viatu vya mtoto wa kupokea pekee, huku watoto wa nyumba wakitazama. Hivyo ndivyo chuki inavyopandwa. Msaada na uende kwa nyumba nzima. Jumuiya ilime shamba la familia hiyo siku mbili za msimu. Mama huyo anapougua, mtoto asianze kuhamishwa huku na huku. Ijulikane mapema nani atakayekaa naye. Na ndugu wa tumbo moja wasigawanywe nyumba mbili, kama njia nyingine ipo.

Siku ya kurudi ni ngumu kuliko siku ya kupokea. Binti tuliyemtaja alipokutana na mama yake mzazi alijificha nyuma ya mlezi, na yule aliyemzaa akabaki amesimama na mfuko wa zawadi mkononi. Walihitaji kutembeleana mara tatu kabla ya safari. Baada ya kuondoka, mjane yule alituuliza, “Baba, Jumapili mmemshukuru Mungu kwa mama aliyempata mwanawe. Mimi niliyebaki na kitanda kitupu, nia yangu ya Misa iko wapi?” Hatukuwa na jibu. Tuliadhimisha Misa kwa ajili yake juma lililofuata, na WAWATA walilala kwake zamu kwa zamu, lakini tulichelewa.

Aidha, kule aendako mtoto, furaha ya siku chache haitoshi. Burundi ardhi ni haba. Kijana anayerudi huweza kuonekana mdai wa urithi, hasa kama baba amekufa na baba mdogo ndiye alimaye. Barua ya paroko wetu kwa paroko wa huko itangulie mtoto, ili jumuiya ya kule imtembelee. Mlezi naye aruhusiwe kuandika na kupiga simu. Tusiikate kamba hiyo kwa kisingizio kwamba mtoto atasumbuka. Atasumbuka zaidi akidhani ametupwa mara mbili.

Tunaomba basi mambo haya yaanze. Kila mwenyekiti wa jumuiya alete kwa katibu wa parokia, kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, habari za kila mtoto anayelelewa katika eneo lake asiye wa nyumba hiyo: jina lake, la utani pia, majina ya jamaa anaowakumbuka, kilima au kijiji alichotoka, na lolote analosimulia hata likionekana dogo. Habari hizo hazitasomwa kanisani. Zitawekwa katika daftari la pekee ofisini, chini ya ufunguo, na kupelekwa kwa afisa ustawi wa jamii. Nasi mapadre tutapitia vitabu vya ubatizo na, mahali tulipoandika vibaya, tutaweka maelezo pembeni. Akina mama walezi wapatao nafasi waje nasi kazini. Watatuonyesha kurasa zenyewe.