Hotuba ya Walimu wa Kikundi cha Ufundi: Jinsi ya Kuchagua Vijiti vya Kuchomelea



Leo ni tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani. Wengine watazungumza habari za amani na za makazi yetu haya ya Nakivale, yaliyoanza mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi na serikali mwaka 1960. Sisi tumepewa nafasi fupi ya kuzungumza habari za madawati. Mnajua kwa nini. Mwaka jana, katika mvua za mwezi wa tisa, dawati tulilolitengeneza sisi wenyewe lilikatika mguu darasani, watoto watatu wakiwa wamelikalia, na mmoja wao akavunjika mkono. Mkono umepona, tunamshukuru Mungu. Lakini mama yake alituuliza mbele ya wazazi wote: "Mwalimu, dawati lilikuwa jipya, limevunjikaje?" Siku ile hatukuwa na jibu. Leo tunalo, na hatutaki kulificha.

Madawati yale tuliyachomelea Kaberebere, ule mji mdogo tunaoupita tukienda Mbarara, kwa sababu pale tulipata umeme na chumba cha kupanga. Chuma tulinunua Mbarara: paipu za mraba za inchi moja, geji 18. Vilipobaki vijiti vya kuchomelea (sisi tuliotoka Kongo tunaviita bagete, wenyeji wetu wanasema rodi, kitu ni kile kile), tuliingia dukani tukaona aina mbili. Moja imeandikwa 6013, nyingine 7018. Tukasema kama watu wa hesabu: sabini inazidi sitini, basi tuchukue yenye nguvu. Tena tukachukua vinene, vya milimita 3.2, ili kazi iishe upesi. Paketi moja ilikuwa imeshafunguliwa, tukapunguziwa bei, tukafurahi.

Makosa yalikuwa matatu, na yote tuliyafanya hapo hapo dukani, kabla ya kuwasha mashine.

Tuanze na zile namba. Zimewekwa na Chama cha Uchomeleaji cha Marekani, na viwanda vingi vya dunia huziandika. Tarakimu mbili za kwanza zinaeleza nguvu ya chuma kinachoachwa na kijiti: 60 ni ratili 60,000 kwa kila inchi ya mraba, 70 ni ratili 70,000. Sasa chuma cha kawaida, kile laini cha milango, madirisha na madawati, chenyewe hukatika kikivutwa kwa ratili 58,000 hivi au zaidi kidogo. Maana yake kijiti cha 60 kinamtosha kabisa. Ukiongeza nguvu kwenye kiungo, paipu yenyewe haiongezeki nguvu. Tarakimu ya tatu, 1, inasema kijiti kinafanya kazi kwa mikao yote, chini, ubavuni na juu ya kichwa. Ya mwisho inaeleza aina ya dawa iliyokifunika na umeme unaokifaa.

Hiyo dawa ndiyo tuliyoidharau. Zamani watu walichomelea kwa waya mtupu, na viungo vilikuwa dhaifu kwa sababu hewa iliingia katika chuma kilichoyeyuka. Mwaka 1907 Msweden mmoja, Oscar Kjellberg, aliyeshughulika na kutengeneza maboila ya meli, alipata hati ya uvumbuzi wa kijiti kilichopakwa dawa. Dawa inapoungua hutoa moshi unaozuia hewa, kisha huacha ganda linalofunika kiungo mpaka kipoe. Dawa ikiwa mbaya, kiungo ni kibaya, hata mkono wa fundi uwe hodari namna gani.

Dawa ya 7018 haivumilii unyevu hata kidogo. Ikinyonya maji, kiungo kinajaa vitundu ndani, na kwenye chuma kinene kinaweza kupasuka baadaye kikiwa kimeshapoa. Kwa hiyo ikishafunguliwa hutunzwa katika tanuri lenye joto, na ikilowa hukaushwa kwa nyuzi 300 na zaidi. Nani kati yetu ana tanuri hilo? Mbabula ya makaa haina kipimo. Sisi tulikuwa tumeweka paketi sakafuni, juu ya udongo, wiki tatu za mvua.

Isitoshe, mashine yetu ni ile iliyosukwa waya na mafundi wa hapa, ya umeme wa kupishana, na volti zake ni chache. Kijiti cha 7018 kinataka mashine yenye volti nyingi za kuwashia, na kinapenda zaidi umeme wa moja kwa moja. Kwetu kilikuwa kinanata, kinazimika, kinanata tena. Vijana wakaongeza ampea ili kisizimike. Paipu ya geji 18 ina unene wa milimita 1.2 tu. Ikatoboka. Wakajaza matundu, wakasaga kwa jiwe, tukapaka rangi ya kijivu. Rangi ilipendeza sana. Hapo ndipo tulipokosa uaminifu, maana matundu tuliyaona.

Sasa tunafanya hivi. Kwanza tunapima unene wa chuma, halafu ndipo tunazungumza habari za kijiti. Kwa paipu nyembamba za madawati tunatumia 6013, za milimita 2 zikipatikana. Zikikosekana, za 2.5 kwa ampea za chini, tukishona kidogo kidogo huku na huku ili chuma kipumzike. Kwa chuma cha pembe cha milimita 3, kijiti cha 2.5 kwa ampea kati ya 60 na 90. Kwa chuma cha milimita 5 au 6, kama miguu ya jukwaa la tangi la maji, ndipo kile cha 3.2, ampea 90 hadi 130. Vipimo huandikwa juu ya paketi yenyewe, msione aibu kuvisoma. Sauti nayo husaidia: kikiwa sawa kinalia kama sambaza wa Ziwa Kivu wanavyokaangwa, mfululizo, bila kupasuka-pasuka.

Kwa chuma kikuukuu chenye kutu kisichokwisha kwa brashi kuna 6011, inayochimba zaidi. Kwa paipu nyembamba msiiguse. Na chuma chenye koti la zinki, kile cheupe, kwanguueni koti kwanza na mfanyie kazi nje. Moshi wake huleta homa usiku, na wawili wetu waliipata.

Vijiti vyote sasa hukaa katika kopo la mafuta ya kupikia lenye kifuniko, juu ya rafu. Na kabla ya kuanza kazi yoyote tunachomelea vipande viwili vibovu, tunavibana kwenye jiliwa, tunavipiga nyundo. Paipu ikipinda kabla kiungo hakijaachia, tunaendelea. Kiungo kikikatika na ndani kinaonekana vitundu kama mkate, kazi haianzi siku hiyo.

Ndugu zetu wa mashirika, nanyi tuna neno kwenu, kwa heshima. Orodha ya vifaa tuliyopokea safari moja iliandikwa tu "vijiti vya kuchomelea, paketi". Aliyenunua hakukosea, hakuambiwa. Tunaomba orodha itaje namba, unene, na paketi zisizofunguliwa. Tunaomba pia barakoa za kioo cheusi namba 10. Vijana wawili bado wanafanya kazi kwa miwani ya jua, na asubuhi macho yao yanachuruzika machozi kama wenye mchanga ndani.

Madawati ya kundi lile yalikuwa 40. Tumekwisha kuyatoa darasani 31 na kuyachomelea upya. Tisa hatujui yalipo. Tunadhani yalihamishwa kwenda madarasa mengine, au yameazimwa kwa ajili ya ibada na vilio. Yana rangi ya kijivu, na chini ya ubao wa kukalia kuna namba iliyochorwa kwa msumari. Yeyote mwenye nalo asilikalie. Alilete kwenye stoo ya shule siku yoyote ya Jumamosi, tutalipeleka Kaberebere wenyewe, na hakuna atakayedaiwa hata shilingi.