KIBANJA, NYUMBA NA MKOPO WA BENKI
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kitendaguro, Bukoba



Tumeombwa tuzungumze habari za nyumba za kupangisha na mikopo ya benki. Twaanza na swali ambalo kila mtu hapa amekwisha kujiuliza. Kwa nini mwenye nyumba ya matofali hapa Kitendaguro, yenye wapangaji wanne wanaolipa kila mwezi, akienda benki kuomba fedha za kujenga ya pili arudi mikono mitupu, na mwingine mwenye kiwanja kitupu kilichopimwa asikilizwe?

Jambo hili si la jana. Sheria ya ardhi ya mwaka 1923 iliweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya Gavana. Vibanja vyetu vilijulikana kwa desturi tu, kwa miti ya mpakani na kwa kinywa cha wazee. Tena wakoloni walikuwa na sheria ya mikopo: asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika, hakuweza kumdai mahakamani bila ya idhini ya ofisa wa Serikali. Walisema watulinda. Kweli wako waliookoka na madeni ya dukani, hilo hatulikatai. Lakini aliyetaka kujenga vyumba viwili na duka mbele hakupata wa kumkopesha. Na hapa Buhaya, mtu wa nyarubanja angejengaje kwa moyo mkunjufu juu ya ardhi ya bwana wake? Huyo alingoja sheria ya mwaka 1965, na ile ya 1968, ndipo akatoka katika kodi ya bwana.

Baada ya Uhuru ardhi ya milki ya moja kwa moja ilifutwa mwaka 1963. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000. Wengi walishangilia, na sababu zilikuwapo, maana kodi za mijini zilikuwa zimewachosha wanyonge. Hata hivyo yafaa tuseme wazi kwamba kwa miaka mingi mwenye akiba aliogopa kujenga nyumba kubwa. Na Benki ya Nyumba, iliyokuwa tegemeo la mjenzi, ilifungwa mwaka 1995.

Sheria mbili za mwaka 1999 zilileta mambo mapya. Ya kijiji yampa mwanakijiji hati ya kimila, itolewayo na Halmashauri ya Kijiji. Ndugu zangu, hapa ndipo sisi tunapokwama. Kitendaguro ni kata ya Manispaa ya Bukoba. Migomba yetu ni ya kijijini, kahawa yetu ni ya kijijini, lakini hatuna Halmashauri ya Kijiji ya kutuandikia hati hiyo. Sisi twahitaji mchoro wa mipango miji, upimaji, mawe ya mpaka, ada, ndipo hati. Iko leseni ya makazi kwa sehemu za mjini zisizopangwa, lakini muda wake hauzidi miaka 5. Nani atakukopesha kwa miaka 15 kwa dhamana ya leseni ya miaka 5?

Asiye na hati hakosi pa kukopa, bali hukopa pabaya. Mwajua butura. Kahawa ingali maua, mtu amekwisha kuiuza kwa bei ya kutupa ili apate mabati au ada ya shule. Serikali imeikataza butura mara nyingi, lakini yaendelea gizani, kwa kuwa shida haikatazwi kwa tangazo. Na baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba, 2016, lililobomoa nyumba nyingi hapa Bukoba, mwenye kuta zilizopasuka na asiye na hati alishika nini mkononi aende nacho benki?

Basi tukimbilie hati? Ndiyo, lakini kwa macho wazi. Tangu sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008, mkopeshaji aliyeshindwa kulipwa hutoa notisi ya siku 60, kisha aweza kuuza bila ya kwenda kwanza mahakamani. Sheria yamtaka atafute bei nzuri: akiuza chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, yeye ndiye wa kujieleza. Tena nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ya ridhaa ya mke au mume. Akina mama, shikeni neno hili. Msitie sahihi karatasi msiyosomewa.

Liko pia suala la ukoo. Mwaka 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza iliamua kesi ya mwanamke Mhaya aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza. Desturi ilimnyima haki hiyo. Mahakama ikasema anayo sawa na mwanamume. Sisi twaiunga mkono hukumu hiyo. Lakini Mahakama hiyohiyo iliwaachia ndugu nafasi ya kukomboa shamba kwa kurudisha bei. Benki yaogopa ardhi yenye wakombozi wengi, na haishangazi.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Gawanyeni kibanja kabla ya kupima. Sehemu yenye makaburi na nyumba ya wazee iandikwe peke yake, isiende benki hata siku moja. Sehemu ya barabarani, penye vyumba vya kupangisha, ipate hati yake, na hiyo ndiyo iwekwe rehani. Kijana atakayesema kwamba twarudisha maendeleo nyuma, aende kwanza akatazame mnada mmoja.

Mkutano huu ukiisha, wajumbe wa mitaa wataandika majina ya walio tayari kuchangia upimaji. Mwenye ugomvi wa mpaka aje na jirani zake wa pande zote na mzee mmoja wa ukoo, tuumalize sisi wenyewe kabla mpimaji hajafika.