Andika Jibu Kabla ya Kompyuta

Wazazi, ada mmelipa hadi senti ya mwisho, na harufu ya pilau imeshafika hapa jukwaani, kwa hiyo sitawaweka sana.

Wahitimu, kazini mtakutana na lugha za programu ambazo hamkufundishwa hapa. Wengi huogopa makosa yanayopigiwa kelele na kompyuta. Hayo ndiyo mepesi: ujumbe wa hitilafu unatokea, unausoma mpaka mwisho, unarekebisha. La kuogopwa ni kosa linalokaa kimya. Aliyezoea Java anajua kwamba -7 ikigawanywa kwa 2 katika namba kamili, jibu ni -3, kwa kuwa Java hukata desimali na kuitupa. Akihamia Python, akaandika mikwaju miwili ya kugawanyia, atapata -4, maana Python hushuka daima kwenye namba ya chini. Hapati onyo lolote. Programu inaendelea, hesabu za watu zinaharibika. Ndiyo maana naisisitiza tabia moja: kabla ya kuendesha mstari mpya, andika jibu unalolitarajia. Likitofautiana na la kompyuta, simama hapo hapo utafute sababu.

Mazoea ya zamani yana gharama. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5 ililipuka kabla ya kutimiza dakika moja angani. Sehemu ya programu yake ilirithiwa kutoka Ariane 4, ambako haikuwa na shida. Roketi mpya ilikwenda kasi zaidi, ikazaa namba isiyoenea katika biti 16, na programu ile haikuwa imejaribiwa kwa mwendo huo. Lililofaa jana lilidhaniwa linafaa na leo.

Mtaniambia bosi hasubiri mtu anayekadiria majibu. Kukadiria mstari mmoja ni kazi ya dakika. Kusaka kosa la kimya lililokwisha kuwafikia wateja kunaweza kula wiki. Mtaniambia pia kwamba siku hizi akili mnemba huandika yote. Haya, na iandike. Ikikuletea -4, nani ataamua kama ndilo jibu sahihi? Asiyekuwa na jibu lake kichwani hupokea lolote analopewa, kisha hutia sahihi.

Basi nawaomba, msiendeshe mstari ambao hamjaukadiria.