Homa Haitoki Mdomoni

Umeugua malaria, umemeza dawa, homa imeshuka. Kesho yake pembeni mwa mdomo malengelenge yamejikusanya, yanachoma. Jirani anakwambia, "Pole, hiyo ni homa inatoka." Kaona jambo la kweli, ila kalipindua. Homa haitoki hapo, imeamsha kilicholala.

Kilicholala ni virusi vya herpesi aina ya kwanza. Wengi wetu tulivipata utotoni, pengine kwa busu la shangazi. Vilipenya ngozi ya mdomo, vikapanda na mshipa wa fahamu hadi kwenye fundo la neva ndani ya fuvu. Humo hukaa maisha yote. Homa, jua kali au uchovu ukiviamsha, hushuka kwa njia ile ile. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya bilioni 3.5 walio chini ya miaka 50 wanavyo, kwa hiyo tusinyoosheane vidole.

Virusi si seli. Havili, havipumui, wala havizaliani bila kuteka seli ya mtu. Hivi vya herpesi ni DNA iliyofungwa katika kasha la protini, na juu yake utando wa mafuta viliouiba kwenye seli zetu. Bila utando huo haviingii popote. Hapo ndipo sabuni inapoingia. Molekuli yake ina ncha mbili: moja hupenda maji, nyingine hupenda mafuta. Hii ya pili hujichomeka kwenye utando, utando ukapasuka. Sabuni ya mche inatosha. Ile ya bei inanukia tu. Lakini sabuni ni ya mikono, usiisugue kidondani, na vile vya kwenye neva haivifikii.

Hata asiklovia, dawa ya virusi hivi, haivifikii vilivyolala. Dawa hii, iliyotoka katika maabara ya Gertrude Elion, mshindi wa Nobel mwaka 1988, hujifanya kipande cha DNA, na kimeng'enya cha virusi vyenyewe ndicho huiwasha. Ianze mapema, mdomo unapoanza kuwasha.

Vile vidonda vyeupe vya ndani ya shavu ni vingine kabisa. Kwa kawaida haviambukizi.

Mwenye malengelenge asimbusu mtoto mchanga, maana kwake virusi vinaweza kufika ubongoni. Asipikiche macho. Na kidonda kikipita wiki mbili bila kupona, twende zahanati.