Kushua Mashua Ndogo Kutoka Kigarini

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya kazi ambayo wengi huidharau kwa sababu haichukui zaidi ya robo saa. Kazi yenyewe ni kushua mashua ndogo, yaani kuitoa nchi kavu na kuifikisha majini hata ielee. Hatusemi habari za majahazi, ambayo yana mafundi wake na wakati wake. Twasema habari za mashua ya mita 4 au 5, yenye uzito wa kilo 200 au 300 hivi, ambayo hukaa juu ya kigari chake cha magurudumu mawili. Kigari hicho kikifungwa nyuma ya motokaa watu hukiita tela. Kikisukumwa kwa mikono ni kigari tu. Lakini kanuni zake ni zile zile.

Labda mtu atauliza, "Jambo hili lina uzito gani hata lisemwe mbele ya watu?" Twamjibu hivi. Katika vijiji vingi vya pwani na vya visiwani, na kando ya Ziwa Victoria pia, mashua ndiyo miguu ya watu. Ndiyo itafutayo samaki. Ndiyo ivushayo watoto kwenda shuleni. Na usiku mwanamke akishikwa na uchungu, hospitali ikawa ng'ambo ya pili, ndiyo impelekayo. Sasa, ikiwa mashua hiyo haishuki majini pasipo watu wanane, na usiku ule waliopo ni watatu, basi mashua hiyo ni kama haipo. Mgonjwa hangoji watu wakusanyike, wala maji hayangoji. Kwa hiyo swali letu la leo ni hili: tufanyeje ili kazi ya watu wanane iwe kazi ya watu watatu, tena pasipo kuumizana?

Wazee wetu wa pwani walilijua swali hili zamani. Tazameni jinsi ngalawa inavyoshushwa pwani: haiburutwi juu ya mchanga mtupu, bali hutandikiwa magogo ya mviringo, nayo huviringika juu yake, na gogo lililoachwa nyuma huchukuliwa mbio likatandikwa mbele. Kigari si kitu kingine ila magogo yale yale ambayo hayahitaji kuhamishwa. Aliyeelewa gogo amekwisha kuelewa gurudumu.

Wanafunzi mnaotusikiliza, jaribuni jambo hili mezani. Fungeni kitabu kizito kwa uzi, na mwishoni mwa uzi tieni mpira mwembamba. Vuteni kitabu juu ya meza, mkapime mpira umenyoka kiasi gani kabla ya kitabu kwenda. Kisha wekeni penseli nne za mviringo chini ya kitabu, mkavute tena. Mtaona kwamba mara hii mpira haunyoki ila kidogo sana. Uzito wa kitabu haukupungua hata chembe. Kilichopungua ni msuguano. Basi anayetaka kushua mashua kwa urahisi asitafute kwanza watu wenye nguvu, bali atafute mahali msuguano ulipojificha, aufukuze.

Msuguano wa kwanza umejificha chini ya magurudumu. Gurudumu jembamba lililojazwa upepo mpaka likawa gumu kama jiwe huenda vizuri barabarani, lakini likifika mchangani hukata kama kisu na kuzama. Mahali penye mchanga mwororo yafaa magurudumu mapana, yenye upepo kidogo, yalale juu ya mchanga kama unyayo wa ngamia. Ikiwa hayo hayapatikani, tandikeni mbao mbili ndefu, au mikeka ya makuti iliyosukwa kwa nguvu, katika njia ya magurudumu. Watu wawili wakihamisha mbao kutoka nyuma kwenda mbele, kigari hakitazama. Lakini mpira uliopunguzwa upepo usipelekwe mbio barabarani. Ujazwe kwanza, maana ukienda hivyo huchemka na kupasuka.

Msuguano wa pili umejificha katika ekseli, yaani chuma kinachoshika magurudumu. Humo mna beringi, nazo hutaka grisi kama mashine yo yote. Maji ya chumvi ni adui yao. Tena liko jambo ambalo wengi hawalijui: tela likitoka safari ndefu, vitovu vya magurudumu huwa na moto. Vikitumbukizwa ghafula katika maji ya baridi, hewa iliyomo ndani hupoa na kusinyaa, na mahali pake maji huvutwa kuingia. Baada ya miezi michache beringi zimeota kutu, gurudumu lalia kama fisi, na wenye mashua hulalamika kwamba kigari ni kibovu. Dawa yake ni rahisi: fikeni, pumzikeni, tayarisheni vyombo, na kitovu kikiwa baridi mkononi, ndipo mshuke. Kazi ikiisha, kigari kioshwe kwa maji matamu.

Msuguano wa tatu uko kati ya mashua na kigari chenyewe. Mashua iliyolazwa juu ya mti mkavu hugoma kuteleza. Kwa hiyo mafundi hufanya moja ya mambo mawili. Ama huweka magurudumu madogo ya mpira chini ya mkuku, mashua ipite juu yake kama juu ya magogo. Ama huweka mbao mbili za kuilaza mashua, wakazifunika kwa kipande cha zulia, ambalo likilowa huteleza. Vile vigurudumu vyafaa mahali penye maji haba, kwa kuwa mashua hutoka hata kabla haijaelea. Mbao za zulia zataka maji mengi zaidi, lakini hushika ubavu wa mashua vizuri njiani. Kila mtu na achague kwa kutazama diko lake.

Sasa tusemee maji yenyewe, maana hayo ndiyo msaidizi mkuu asiyetaka ujira. Archimedes, Mgiriki wa mji wa Syracuse aliyekufa mwaka 212 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba kitu kinachoelea huinuliwa na maji kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyasukuma. Basi mashua ya kilo 240 itaelea itakapokuwa imesukuma lita 240 za maji ya ziwa, au lita 234 hivi za maji ya bahari, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito zaidi. Maana yake ni kwamba hatuna haja ya kuiinua mashua wala kuisukuma kwa kifua. Haja yetu ni kuifikisha mahali maji yatakapoibeba.

Hapa pana hesabu ndogo yenye faida kubwa. Tuseme ufuo washuka mita 1 kwa kila mita 8 za mwendo. Fundi akiteremsha kitanda cha mashua katika kigari kwa sentimita 10 tu, mashua itaelea mapema kwa sentimita 80 za mwendo. Hizo ni hatua nzima ambayo magurudumu hayataingia majini. Kwa hiyo mtu anayeunda kigari asikifanye kirefu kwa kwenda juu kwa ajili ya fahari. Kigari kifupi ndicho kishuacho upesi.

Mteremko nao una sheria yake. Wajenzi wa njia za kushushia mashua hupenda mteremko wa mita 1 kwa kila mita 7 au 8. Ukiwa mdogo sana, kigari huenda mbali majini kabla mashua haijaelea. Ukiwa mkali, kigari hukimbia. Tufanye hesabu. Mashua ya kilo 240 na kigari cha kilo 80 ni kilo 320. Katika mteremko wa 1 kwa 8, uzito huo hujivuta kwenda chini kwa nguvu ya kilo 40 hivi. Katika mteremko wa 1 kwa 4, kwa nguvu ya kilo 80. Kilo 40 watu wawili huzizuia. Kilo 80 zikianza kukimbia juu ya mawe yenye utelezi, hakuna wa kuzisimamisha, na aliye mbele yake atavunjika mguu.

Kwa hiyo msikizuie kigari kwa mikono. Pigeni nguzo imara juu ya ufuo, au tumieni mnazi wenye afya, mkazungushe kamba mara tatu katika shina lake. Msuguano ule tuliokuwa tukiufukuza sasa twauita utusaidie: mizunguko mitatu ya kamba huwezesha hata mvulana kuuteremsha mzigo pole pole, akilegeza kidogo kidogo. Lakini ashike kamba kwa viganja tu; asiizungushe mkononi mwake kamwe, wala asisimame juu ya kamba iliyokunjwa. Na watu wote wakae kando ya kigari. Asiwepo mtu upande wa chini. Karibu na magurudumu awepo mmoja mwenye kabari mbili za mti, tayari kuzitia kigari kitakaposimama.

Wakati wa kushua nao una maana. Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa siku moja na dakika 50 hivi. Ndiyo sababu maji ya kesho hujaa nyuma ya saa ya leo. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, huja bamvua, na tofauti ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu. Katika ufuo unaoshuka mita 1 kwa kila mita 30, bamvua ya mita 3 huacha wazi mita 90 za mchanga. Mtu aliyechelewa saa chache atakisukuma kigari mita hizo zote juu ya matope, naye jirani yake aliyeitazama kalenda ya mwezi ameshua hatua chache kutoka mlangoni pake.

Kanuni yetu ni hii: shueni maji yakijaa. Mashua ikikwama wakati wa maji kujaa, ngojeni kidogo na bahari yenyewe itaiinua. Ikikwama wakati wa kupwa, kila dakika yazidi kuikalisha, na labda mtalala nayo. Ziwani hakuna kupwa na kujaa kwa namna hii, lakini upepo huleta mawimbi, na maji ya kandoni yaweza kuwa na kichocho. Kadiri mashua ishukavyo upesi, ndivyo miguu ya watu inavyokaa majini muda mfupi.

Twataja pia habari ya tezi na omo. Kutoka kigarini mashua hutangulia kwa tezi, yaani nyuma. Penye maji matulivu hakuna dhara. Lakini penye mawimbi, wimbi hupanda tezi iliyo fupi na kuijaza mashua kabla haijaondoka. Mahali kama hapo igeuzeni mashua juu ya kigari kungali nchi kavu, omo ielekee bahari, au tafuteni hori lenye kivuli cha upepo. Mwezi wa kusi si mwezi wa kushindana na ufuo ulio wazi.

Sasa tupange kazi kwa utaratibu, ili watu watatu waweze kuifanya hata gizani. Kwanza, juu kabisa, mbali na maji: tieni kizibo cha tundu la chini, maana mashua nyingi zimezama diko kwa kusahauliwa kizibo tu, pakieni makasia, nanga, jaketi za kuokolea maisha na ndoo ya kutekea maji. Pili, fungeni kamba ndefu katika omo, na mmoja aishike tangu mwanzo hata mwisho. Tatu, fungueni kamba za ubavuni, lakini ile inayoshika omo kwenye kigari isifunguliwe mpaka tezi imegusa maji. Ikifunguliwa mapema, mashua huteleza ikaangukia mawe. Nne, teremsheni kwa kamba ya nguzoni. Tano, tezi ikianza kuinuka, tieni kabari, fungueni omo, mkaisukume kwa mkono mmoja. Mtashangaa jinsi inavyokwenda.

Wasikilizaji wetu, hakuna hata moja katika mambo haya lililo geni. Gogo, kamba, nguzo, kabari na mwezi vilikuwapo kabla yetu. Lililobaki ni kuviweka pamoja kwa akili, na kuvijaribu mchana ili usiku visitushinde. Twawashauri mchague siku moja ya maji kujaa, mkawaite vijana wa kijiji na watoto wa shule, mkashue mara tatu, na kila mmoja ashike kila kazi kwa zamu: kamba, kabari, na omo. Hesabuni dakika. Mara ya tatu mtaona mmepunguza nusu ya muda. Kisha andikeni yale matano tuliyoyataja juu ya ubao, mkaupigilie katika nguzo ya diko, ili asiyekuwapo naye ajifunze.

Kwa herini.